Walikale haina dinosaria, ina kitu cha kale zaidi

Picha ya mfupa mkubwa ikipita kwenye simu za watu wa Masisi au Walikale, haikawii kupata watazamaji. Mmoja anasema ni dinosaria, mwingine anasema umechimbwa kwenye kilima fulani, wa tatu tayari anauliza bei. Katika eneo ambalo kila jiwe zito linaweza kupata mnunuzi, swali la bei halishangazi. Kinachoshangaza ni kwamba swali ambalo mwanajiolojia yeyote angelianza nalo haliulizwi: mawe ya kilima hicho yana umri gani?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni tamu kuliko uvumi. Masisi na Walikale si mahali pa kutafutia dinosaria. Lakini Walikale ina visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya zamani yaliyohifadhiwa ndani ya mawe, na visukuku hivyo ni vya kale kuliko dinosaria wote. Vimeandikwa kisayansi tangu zamani. Ubaya ni kwamba vimeandikwa Ulaya, na mtoto anayesoma sekondari Walikale-centre, Mubi au Njingala anaweza kumaliza masomo na kupata diploma yake ya serikali bila kuvisikia hata siku moja.

Mawe ya kale mno, mawe machanga mno

Dinosaria walitembea duniani tangu miaka milioni 230 hivi iliyopita hadi miaka milioni 66 iliyopita. Ili mfupa wa mnyama wa namna hiyo utufikie leo, ilipaswa mzoga ufunikwe upesi na matope au mchanga, matope hayo yageuke jiwe, na jiwe hilo lisiyeyushwe na moto wa chini wala kusagwa na mvua. Kwa hiyo anayetafuta dinosaria hatafuti mfupa kwanza. Anatafuta mawe yaliyotokana na matope ya wakati ule.

Mawe yaliyoleta utajiri na mateso ya Masisi na Walikale hayako hivyo. Kasiteriti ya Bisie na koltani ya Rubaya zinatokana na granite na mishipa yake, mawe yaliyopanda yakiwa ya moto kutoka chini ya ardhi takriban miaka bilioni moja iliyopita. Wakati huo hakukuwa na mnyama mwenye mfupa popote duniani. Mchimbaji anaweza kushuka mita mia moja ndani ya mwamba kama huo, asikute hata ganda la konokono.

Upande wa mashariki wa Masisi, kuelekea Sake, hali ni kinyume. Huko ardhi imefunikwa na lava, na lava ni changa. Ile ya Nyamulagira ya miaka ya 1938 hadi 1940 ilitiririka mpaka ikaingia Ziwa Kivu karibu na Sake, na wazee waliozaliwa kabla yake wapo walioishi hadi karne hii. Majivu hayo ndiyo yaliyozaa malisho mazuri na fromaji ya Masisi, lakini dinosaria walikuwa wamekwisha kutoweka zamani sana kabla hayajaanguka.

Kuna na sababu ya tatu. Udongo wa msitu wa mvua, kama ule unaofunika sehemu kubwa ya Walikale, una asidi. Mfupa unaobaki ndani yake unayeyuka kabla haujapata nafasi ya kugeuka jiwe. Ndiyo maana hata mifupa ya tembo na sokwe waliokufa msituni miaka mia chache iliyopita ni vigumu kuikuta.

Anayetaka kuona mawe ya enzi ya dinosaria afuate barabara ya Walikale na Lubutu hadi Kisangani. Kandokando ya mto kuna matabaka ambayo wanajiolojia wa zamani waliyaita kwa jina la Stanleyville, na ndani yake wamepatikana samaki waliogeuka mawe, samaki walioogelea wakati dinosaria wakiishi. Samaki hao walielezwa kitabuni katika miaka ya 1950. Huko kuna sababu ya kutafuta. Rubaya hakuna.

Wakati Walikale ilipokuwa barafu

Mwaka 1948, mwanajiolojia N. Boutakoff alichapisha kupitia Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, kazi ndefu kuhusu mawe ya Walikale. Mada yake ingemfanya mkaaji yeyote wa Kivu asimame na kusoma mara mbili: alama za barafu ya kale katika eneo la Walikale. Alikuwa anazungumzia barafu yenyewe, vilima vya barafu vilivyotembea polepole, vikachonga mabonde na kusukuma mawe ya kila ukubwa yakiwa yamechanganyika na tope.

Hayo yalitokea miaka milioni 300 hivi iliyopita. Afrika, India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika zilikuwa bara moja, na sehemu ambayo leo ni Kivu ilikuwa karibu zaidi na ncha ya kusini ya dunia. Barafu ilipoyeyuka iliacha maziwa matulivu mabondeni. Matope laini yakatua chini ya maziwa hayo, tabaka juu ya tabaka, yakawa mawe meusi yanayopasuka kama kurasa.

Ndani ya mawe ya namna hiyo ndimo walimotafuta wataalamu wawili wa India, M. N. Bose na R. K. Kar. Mwaka 1966 Jumba la Makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, lilichapisha matokeo yao kuhusu maeneo mawili ya Kongo: Kindu-Kalima na Walikale. Walichokikuta hakionekani kwa macho matupu. Ni spora na chavua, ile vumbi ya uzazi ambayo mimea hutupa hewani, iliyobaki ndani ya jiwe kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kwa kupitia chembe hizo, mtaalamu anaweza kusema ni mimea ya aina gani iliyorudi kuota baada ya barafu, na tabaka la Walikale linalingana na tabaka lipi la India. Si bahati tu kwamba Wahindi waliyapenda mawe ya Kongo. Yalikuwa mawe ya bara lao pia.

Dinosaria wa kwanza alikuja miaka milioni 70 hivi baada ya hapo. Kwa hiyo mtu wa Walikale anapoambiwa kwamba kwao hakuna dinosaria, hana sababu ya kuona haya. Kwao kuna ushahidi wa dunia iliyokuwapo kabla ya dinosaria, ushahidi ambao nchi nyingi zenye mifupa mikubwa hazina.

Funzo kutoka Lindi

Tuseme mifupa mikubwa ingepatikana kweli. Je, ingewafaa wenyeji? Jibu liko Tanzania. Mwaka 1906, mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alionyeshwa mifupa kwenye kilima cha Tendaguru, mkoa wa Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913, makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa pale. Mamia ya Waafrika walichimba, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mizigo kichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Tani zaidi ya 200 za mifupa zilipelekwa Ujerumani. Hayo yalifanyika katika nchi iliyokuwa imetoka tu katika vita vya Maji Maji, vijiji vikiwa na njaa na makaburi mapya.

Tangu 1937, dinosaria mmoja wa Tendaguru amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mamilioni ya watu wamelipa tiketi kumwona. Kilimani alikotoka hakuna makumbusho inayofanana na ile, na mjadala wa kumrudisha, au walau kuwanufaisha wenyeji, unaendelea hadi leo.

Kivu ya Kaskazini ina Tendaguru yake ndogo, na iko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale kipande cha mfupa chenye mikwaruzo iliyopangwa kwa makundi, cha takriban miaka 20,000. Wataalamu bado wanabishana kama ni hesabu, kalenda ya mwezi au kitu kingine. Kisichobishaniwa ni anwani yake: kiko Brussels. Karibu na hapo, Katanda, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1995 walieleza vyusa vya mfupa vya miaka 90,000 hivi, vilivyotumiwa na watu wa kale kuvua samaki wakubwa wa jamii ya kambare.

Mfano wa Lindi na ule wa Ishango vinasema jambo moja. Kupatikana kwa kitu hakuwapi wenyeji chochote kama hawajajiandaa kukitambua, kukiandika na kukitunza.

Mwenye shimo na mwenye sheria

Hakuna watu nchini Kongo wanaofungua ardhi kila siku kama wachimbaji wa mikono wa Masisi na Walikale. Wanajua mwamba unavyobadilika rangi, wanajua mshipa unapokaribia, wanajua tope gani lina uzito na lipi ni la kutupa. Huo ni ujuzi wa kweli wa jiolojia, ingawa haukupewa diploma. Lakini ujuzi huo una mwisho mmoja: mizani ya mnunuzi. Kitu kisicho na bei kinatupwa, kinaoshwa na maji au kinafunikwa na udongo wa shimo la jirani.

Kwenye changarawe za mito ambamo madini huoshwa, panaweza kuwa na shoka la jiwe la watu wa kale au kigae cha chungu. Kwenye mawe meusi yanayopasuka kama kurasa, panaweza kuwa na alama ya jani. Mchimbaji anaziona kwanza kuliko profesa yeyote, na kwa kawaida anakuwa pia wa mwisho kuziona.

Sheria haikusahau jambo hili kabisa. Kongo ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu Machi 1971. Kodi ya Madini ya 2002 inamtaka mwenye hati ya uchimbaji, akikuta dalili za mambo ya kale, asizihamishe, bali awaarifu wakubwa kwa maandishi. Ni maneno mazuri, yaliyoandikwa kwa ajili ya kampuni yenye ofisi, katibu na muhuri. Kijana anayeshuka shimoni na tochi kichwani hakuandikiwa. Hana karatasi, hajui ofisi, na akikiri kwamba amekuta kitu cha ajabu anaogopa shimo lake litafungwa. Sheria inayomwogopesha shahidi pekee haitalinda kitu.

Hatari ya kuulizana nani alitangulia

Habari za kale zina upande mwingine ambao watu wa Masisi na Walikale wanaujua kwa uchungu. Swali la nani alifika kwanza halikuwa la vitabuni tu. Machi 1993 mauaji yalianzia Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi, na maelfu ya watu wakapoteza maisha. Tangu siku hizo, kila kundi lina historia yake ya kuwasili, na kila historia ina watu walio tayari kuilinda kwa silaha.

Kigae kimoja cha chungu mikononi mwa mwanasiasa mbaya kinaweza kuwa petroli juu ya moto. Ndiyo sababu moja zaidi ya kutaka mambo haya yafanywe kwa elimu na mbele ya wote. Kigae hakina kabila. Vyungu vya mtindo ambao wataalamu wanauita Urewe vimepatikana Kivu, Rwanda, Burundi na kandokando ya Ziwa Victoria, na waliovifinyanga hawakuacha jina wala mpaka. Ukishuka zaidi, hadi kwenye barafu ya miaka milioni 300, hakuna babu wa mtu yeyote aliyekuwapo. Mwalimu anayewaweka watoto wa jamii zote mbele ya jiwe hilo anawapa kitu adimu katika eneo lile: historia ya ardhi yao ambayo hakuna upande unaoweza kuidai peke yake.

Je, huu ndio wakati wake?

Mama aliyekimbia kijiji chake Masisi na kulala chini ya shitingi ana haki ya kuuliza: watu wanakufa, barabara zimefungwa, nani ana nafasi ya kuzungumza juu ya chavua na barafu? Swali lake lazima lijibiwe kwa heshima.

Jibu ni kwamba vita vinavyomfukuza vinalishwa na ardhi hiyohiyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja, waliofaidika na udongo wa Kivu ni wale waliokuwa na ramani yake, na wenye kuishi juu yake wamebaki kuwa mikono ya kuchimba. Ramani, daftari na sampuli nyingi za wanajiolojia wa kikoloni ziko Tervuren hadi leo. Hazijawa takataka za kihistoria. Mwaka 2025, serikali ya Kinshasa na kampuni ya Marekani KoBold Metals zilitia saini mapatano ya awali kuhusu utafutaji wa madini, na kuzigeuza nyaraka hizo kuwa za kidijiti ni miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Kampuni ya madini haitafuti karatasi za zamani kwa ajili ya kujifurahisha.

Basi karatasi hizo zitasomwa. Swali lililobaki ni kama zitasomwa na wenye mitaji tu, au na mwanafunzi wa Walikale pia. Zikifunguliwa kwa ajili ya lithiamu na bati, hakuna sababu sura za barafu na chavua zibaki zimefungwa.

Yanayowezekana sasa

Hakuna haja ya kungoja amani kamili wala mabilioni ya dola. Kazi ya Boutakoff ya 1948 na ile ya Bose na Kar ya 1966 zinaweza kupigwa picha na kutumwa kwenye vyuo vikuu vya Goma na Bukavu na kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, kisha zifupishwe kwa Kifaransa chepesi na Kiswahili kwa ajili ya walimu. Kurasa nne zinatosha kwa somo moja la jeografia.

Ubelgiji ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kurudisha mali iliyochukuliwa enzi za ukoloni, na mwaka huohuo mfalme Philippe alileta kinyago cha Kakuungu kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, tena kwa mkopo usio na mwisho. Mazungumzo hayo yamehusu zaidi vinyago na sanamu. Kinshasa inapaswa kuweka mezani pia mfupa wa Ishango na makusanyo ya mawe. Na kikirudi kitu cha Kivu, kisiishie Kinshasa.

Vyama vya ushirika vya wachimbaji navyo vinaweza kufundishwa kanuni moja nyepesi: ukikuta kitu usichokijua, usikioshe, usikivunje, kipige picha pale kilipo, pembeni yake weka kitu cha kuonyesha ukubwa, mwambie mwalimu au chifu wa kijiji. Na ahadi iandikwe wazi kwamba aliyetoa habari hatanyang'anywa shimo lake. Bila ahadi hiyo, kanuni ni kelele.

Na picha nyingine ya mfupa mkubwa ikifika kwenye simu, kabla ya kuituma mbele, mwenye simu aulize mambo matatu: umetoka kwenye mawe ya umri gani, nani aliyeuona ukiwa bado ardhini, na sasa uko wapi? Kama hakuna anayejibu hata moja, picha hiyo iishie hapo. Muda huo ungetosha kumsimulia mtoto kwamba Walikale, yenye joto na mvua nyingi namna ile, iliwahi kuwa barafu tupu, na kwamba mawe ya kuthibitisha yako kwao.